MREJESHO: Moyo kwenda mbio ghafla

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu moyo kuanza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu, na umri ndio kwanza ishirini na kitu. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa aliyesisitiza vipimo. Damu na homoni za tezi ya shingo viko sawa, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) nayo safi, maana moyo ulikuwa umetulia wakati napimwa. Kilichonasa tatizo ni kile kifaa cha kuvaa kifuani saa 24: mapigo zaidi ya 180 kwa dakika. Daktari kasema ni SVT, hitilafu ya njia za umeme wa moyo.

Kubana pumzi na kujikamua kama uko chooni husaidia kuutuliza, ila si kila mara. Kuacha kahawa hakujabadili kitu (naikumbuka mno). Ukihisi kuzimia au kifua kubana, wahi hospitali. Nasubiri miadi ya bingwa wa moyo.