Naombeni ushauri: bawaba na bolti zote kuingizwa namba ya ushuru wa forodha 7326, ni sawa?

Wakuu habari za leo. Nina duka la vifaa vya mafundi hapa Mwanga, Kigoma. Wateja wangu wengi ni wachomeleaji mageti. Safari hii nimeagiza mwenyewe kutoka Guangzhou, mzigo uko bandarini Dar.

Wakala wa forodha kanitumia rasimu ya TANSAD (fomu ya kutamka mzigo forodhani): bawaba za geti, bolti na nati, kufuli, vyote kavirundika kwenye 7326, yaani "vitu vinginevyo vya chuma". Anasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Mimi si mtaalamu, ila nimefungua kitabu cha ushuru cha Afrika Mashariki nikaona bolti na nati zina kichwa chake, 7318, kufuli 8301, bawaba 8302. Kama kitu kimetajwa kwa jina, kwa nini kitupwe kwenye kapu la masalia? Na viwango vya ushuru vinapishana, 0, 10, 25 hadi 35 kwa mia, sitaki kuja kudaiwa tofauti na faini baadaye.

Kinachonisumbua zaidi: kila pakiti ya bawaba ina bawaba mbili na skurubu zake nane kwenye kimfuko cha nailoni. Skurubu natenganisha, au zinafuata bawaba? Naona zifuate, maana bila bawaba hakuna anayenunua ile pakiti.

Aliyewahi kuomba TRA uamuzi wa awali wa uainishaji (yaani waseme mapema bidhaa inaingia namba ipi), ulipeleka sampuli au picha zilitosha? Gharama za kuhifadhi mzigo zinanukia, jamani.