Kasi ya mwendo kwa wazee: majibu yanapishana, na hicho kipimo cha "umri wa kibiolojia"

mhudumu_kibokoni
Salaam alaikum. Nawapima wazee wa Mji wa Kale mwendo wa mita 4. Bibi mmoja wa miaka 74, Jumatatu alipata mita 0.71 kwa sekunde, Alhamisi 0.93. Dawa ni zilezile. Nakosea wapi? Pili, bintiye ataka damu ipelekwe ng'ambo ikapimwe telomea (ncha za kromosomu, hufupika kadiri mtu anavyozeeka), ajue mamake ana "umri gani hasa". Nimwambieje?

fizio_tudor
Wa alaikum salaam. Zigeuze hizo namba ziwe sekunde: 0.71 ni sekunde 5.6, na 0.93 ni 4.3. Tofauti yote ni sekunde 1.3, na hiyo hupotea kwenye kidole tu, ukibonyeza saa ya simu unaposema "haya" badala ya mguu unapovuka mstari.

Chora mistari kwa chaki. Mpe mita 2 za kushika kasi, pima 4 za kati, kisha mita 2 za kupunguza. Ukimwanzisha akiwa amesimama kwenye mstari, kasi itashuka; si kosa, lakini usichanganye njia hizo mbili. Mwambie atembee kama aendaye dukani. Wewe kaa nyuma ya bega lake, maana ukitangulia atafuata mwendo wako. Pima mara mbili, andika iliyo bora. Viatu viwe vilevile, buibui lisiburure, na usipimie kichochoroni penye mteremko.

Jambo jingine: Jumatatu na Alhamisi wengi hufunga sunna. Aliyefunga, saa kumi jioni si yule wa saa tatu asubuhi.

Hata ukisahihisha, 0.8 kushuka chini ni ya kufuatilia. Ongeza kipimo cha kiti: kiegemee ukuta, mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5. Ikizidi sekunde 15, nguvu za miguu zimepungua. Na muulize anachokula. Chai na mahamri asubuhi na usiku havijengi msuli. Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa figo zina shida. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20.

maabara_nyali
Dada, mwambie bintiye aziweke pesa zake. Watu wa umri mmoja hutofautiana sana urefu wa telomea, na hakuna tiba itakayobadilishwa na jibu hilo. Zile "saa" zinazokisia umri kwa alama za methili kwenye DNA, kama ya mtafiti Horvath ya 2013 inayosoma sehemu 353 za DNA, zafaa kulinganisha makundi kwenye utafiti. Kwa mtu mmoja, sampuli ileile ikirudiwa yaweza kutoa umri uliopishana kwa miaka kadhaa.

Kwa bei hiyo apimwe himoglobini, sukari ya miezi mitatu (HbA1c), tezi ya shingo (TSH), na vitamini B12 hasa kama ametumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi. Figo zina mtego: kreatinini, ile inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, hutoka kwenye msuli, kwa hivyo mzee aliyekonda huonyesha namba nzuri na figo zimechoka. Sistatini C, kipimo kingine cha figo, haitegemei msuli kiasi hicho. CRP nayo, kipimo cha uvimbe mwilini, usiipime akiwa na kikohozi au jino bovu, utapima jino.

muuguzi_wazee
Upande wa kumbukumbu kuna kipimo kifupi, Mini-Cog: mpe maneno 3 ayashike, achore saa, kisha ayarudie maneno. Neno moja alama 1, saa alama 2. Chini ya 3 apelekwe kwa daktari. Wengi huharibu hapo kwenye saa. Maagizo ya Kiingereza yanataka 11:10, yaani saa tano na dakika kumi. Mzee akiuweka mshale mfupi kwenye 11, yuko sawa. Akiuweka kwenye 5, muulize kwanza anavyoisoma saa ya ukutani kwake kabla hujamkata alama. Aliyesoma chuo cha Kurani akiandika tarakimu za Kiarabu (١، ٢، ٣), zikubali. Asiyewahi kushika kalamu, usimpe kipimo hiki kabisa.

Akichanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, usiseme ni uzee. Tafuta homa, maambukizi ya mkojo, kukosa maji, au dawa mpya; Piriton, ile dawa ya mafua na mzio, peke yake yatosha kumvuruga.

mhudumu_kibokoni
Ahsanteni. Bibi hutumia mkongojo. Aupimie, au auache?

fizio_tudor
Aupimie, na uandike "na mkongojo" kila mara.