Sheria ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti, nani amekalia hii pesa na magonjwa yanabisha hodi kila mwaka??

Wasee nimekasirika na nitaandika hivyo hivyo nikiwa nimekasirika, mtanivumilia.

Kuna sheria ya nchi hii yetu Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ilipitishwa 2013, na ndani imeandikwa wazi kabisa kwamba kila mwaka wa fedha serikali itoe asilimia 2 ya pato la taifa iingie kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Si ahadi ya kampeni, si maoni ya profesa fulani kwa redio, ni sheria. Pato letu limeshapita shilingi trilioni 15, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe, hiyo ni zaidi ya bilioni 300 kwa mwaka. Huo mfuko haujawahi kuona hata robo ya hizo pesa. Na kila mwaka bajeti inasomwa, wabunge wanapiga meza, wanatoka wanapigwa picha, na hakuna hata mmoja anasimama kuuliza kwani sheria yetu wenyewe tunaivunja mpaka lini.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimekuwa kwa kazi ya kufuatilia magonjwa ya kuambukiza hapa Nairobi na watu wengi hawaijui hiyo kazi, manake ikifanywa vizuri hakuna kitu utasikia kwa habari. Inaenda hivi: mtoto analetwa klinikini huko Eastlands ako na homa na kifua, nesi anamchukua swabu puani hata kama hali yake si mbaya, anaitia kwa kachupa kadogo ka maji ya pinki, anaandika namba na kalamu isiyofutika, inaingia kwa kulaboksi yenye barafu, boda anaileta maabara kabla jioni. Sisi tunaigawanya, sehemu moja inaenda kwa mashine ya PCR, ile ya kutafuta jeni za virusi, na ingine inaingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ikae hapo, ndio siku kukitokea kitu kigeni turudi nyuma tuangalie kilianza lini na kilianzia mtaa gani. Kila hatua hapo iko na bei. Swabu, barafu, pesa ya boda, riejenti, yaani kemikali za kupimia, zinazotoka ng'ambo na ziko na tarehe ya kuisha, dizeli ya jenereta, kwa sababu stima ikipotea usiku na jenereta haina kitu hizo sampuli za miaka na miaka zinayeyuka na hakuna mtu anaweza kuzirudisha, hata umpe pesa ngapi.

Sasa hiyo bei yote, kuanzia nesi mpaka dizeli, mahali nilikuwa ililipwa na mfadhili wa nje. Serikali yetu ilitoa vyumba, basi.

Alafu ikaja Januari 2025. Trump anaapishwa tarehe 20, siku hiyo hiyo anatia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla hata wiki iishe vizuri miradi inaanza kupokea barua za kusimamisha kazi papo hapo. Sisi tulikuwa na sampuli mezani tukaambiwa tufunge twende nyumbani. Tarehe 30 ya mwezi huo huo Uganda inatangaza Ebola aina ya Sudan, na aliyefariki ni nesi, na ni Kampala kwenyewe, si kijijini mbali huko. Mnajua vile mabasi ya Kampala yanakesha barabarani yakipitia Busia na Malaba alafu asubuhi yanashukisha watu hapo River Road, Nairobi. Wiki ile tulihitaji macho zaidi ndio wiki watu wenye hiyo kazi walikuwa wamekaa kwa nyumba wakingoja kuambiwa kama bado wako na kazi ama waanze kutafuta ingine. Waganda wakapambana nayo mpaka ikaisha Aprili na sisi tukaponea. Tulibahatika tu jameni, hakuna mahali tulikuwa tumejipanga.

Na sitaki mtu anijie hapa na matusi ya Wamarekani. Walivyofunga ilikuwa ukatili, wagonjwa waliumia, lakini pesa ni ya walipa kodi wao na hawakutuzaa. Wenye kuulizwa ni hawa wetu. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, imekuwepo tangu 1979. Mafunzo ya watu wa kufuatilia milipuko, wale wanaofika kwa boma la mgonjwa wa kwanza kabla ya kamera, yameendeshwa hapa Kenya tangu 2004. Watu tuko nao, na ni wazuri, wanaitwa nchi za watu kwenda kusaidia. Miaka yote hiyo tumeshindwa kujilipia swabu na barafu?

Mnakumbuka mwanzo wa 2020. Mwanafunzi anatoka Uchina, anashukiwa kuwa na korona pale uwanja wa ndege wa JKIA, na sampuli yake inabidi ipandishwe ndege mpaka Afrika Kusini ikapimwe huko, nchi nzima imeshika roho mkononi ikingoja majibu ya maabara ya wenyewe. Wiki chache baadaye tukapata uwezo wa kupima hapa na kesi ya kwanza iliyotangazwa 13 Machi ilithibitishwa hapa hapa Nairobi, kwa maabara ya taifa ya mafua. Muelewe hiyo vizuri. Wale ni watu walikuwa wanapima mafua ya kawaida mwaka nenda mwaka rudi bila mtu kuwajua, na kwa sababu mashine zilikuwa zinatembea na mikono yao ilikuwa imezoea kazi, siku ya siku walikuwa tayari. Hiyo kazi ya polepole isiyo na kelele ndio ilituokoa hizo wiki za kwanza.

Wakubwa nao walijifunza nini hapo? Walijifunza kwamba janga likiingia pesa hutoka haraka na maswali hupungua. Bilioni 7.8 za korona pale KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, hizo si hadithi za vijiweni, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifanya ukaguzi maalum akakuta vitu vimenunuliwa kwa bei ya juu na vingine vimelala bohari wakati manesi wanagoma kwa kukosa vya kujikinga. Na hapa ndio nataka watu wangu tufungue macho. Pesa ya kujipanga mapema ni kidogo kidogo, ni ya kila mwezi, iko na risiti ya dizeli na risiti ya boda, hakuna mtu anatajirika nayo. Pesa ya dharura ni kubwa na inatoka mara moja. Kwa hivyo mimi siamini tena ile ya kusema serikali haina pesa. Haina haja ya kutoa mpaka maji yafike shingoni, na kuna watu wanapenda maji yakiwa hapo shingoni.

Hata hakuna ugonjwa mpya kwetu wa kusema tulishtukizwa. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa kondoo wa shamba la karibu na Naivasha na wataalamu wa mifugo wa Kabete, ripoti yao ilitoka 1931, inakaribia miaka 100 hiyo. Inajulikana vile inakuja: mayai ya mbu yanakaa kwa udongo wa mabonde miaka, mvua kubwa inafurika, mbu wanatoka na virusi tayari, ng'ombe na mbuzi wanaharibu mimba, alafu wachungaji na wachinjaji wanaanza kuugua. Mwaka wa 2006 wanasayansi waliangalia joto la bahari na mvua kwa satelaiti wakatoa tahadhari kabla mgonjwa wa kwanza aonekane Garissa mwezi wa Disemba. Tahadhari ilikuja kabla! Chanjo ya mifugo ikaanza Januari, watu tayari wanazikwa. Waliofariki Kenya walipita 150, na masoko ya mifugo yakafungwa, familia ambazo mali yao yote ni mbuzi zikakaa bila kitu. Sayansi ilifanya kazi yake na hakukuwa na chanjo imeshapelekwa wala mafuta ya gari la kuipeleka.

Marburg, ndugu yake Ebola, pia tulishaipata hapa, 1980 na 1987, watu wawili walioingia pango la Kitum kule Mlima Elgon wakafa, na daktari aliyemhudumia yule wa kwanza hapa Nairobi akaambukizwa akapona kwa neema. Juzi 2024 Rwanda wakawa nayo, mwanzo wa 2025 Tanzania kule Kagera. Mpox, ile homa ya nyani, ikashikwa Taveta mpakani Julai 2024 kwa dereva wa masafa marefu. Inatuzunguka pande zote.

Najua kuna mtu atanijia na ile ya watu wako na njaa, karo ni ghali, utafiti ni mambo ya matajiri. Ndugu yangu, nani alikula hasara matatu zilipofungiwa ndani ya Nairobi 2020? Ni mama wa mboga ama ni waziri? Kipindupindu kikiingia kinaanzia Mukuru kwa mabati ama kinaanzia Muthaiga kwa matajiri? Mwenye mshahara na bima hujifungia nyumba akaagiza chakula. Huu utafiti ni wa maskini kuliko mtu yeyote.

Na vijana wetu wanaona. Daktari anayefanya intanship alikubaliwa kwa mkataba wa 2017 alipwe shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kumpa 70,000, madaktari wakagoma siku 56 mwaka wa 2024. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao ndio wa kwanza kujua kwa plot fulani watu watatu wanahara, posho yao ni 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na bado inachelewa. Nina mwenzangu mwenye akili sana, anajua kusoma jenomu za virusi kuliko yeyote niliyemuona, sai anauza vipuri vya simu hapo barabara ya Luthuli mjini. Uchungu wake mimi naujua.

Disemba 2025 tena tukaenda Washington tukasaini mkataba wa afya na Wamarekani, dola bilioni 1.6 kutoka kwao kwa miaka 5, na sisi tukaahidi kuongeza dola milioni 850 zetu. Ile sehemu ya kupeana data za wagonjwa Mahakama Kuu ikaisimamisha kwanza, na ilifanya vizuri. Lakini hizo milioni 850 ndizo nataka kuziona. Ziko kwa kifungu gani cha bajeti, zinaanza kutoka mwezi gani, na ndani yake ya maabara ni ngapi? Isipoandikwa kwa bajeti ni maneno ya mbele ya kamera tu.

Kabla bajeti isomwe Juni kamati ya bunge huita wananchi watoe maoni, na viti hubaki wazi. Safari hii twendeni. Na mbunge wako ako na ofisi ya eneo bunge, ingia umuulize mfuko wa utafiti ulipata shilingi ngapi mwaka huu, na swabu na dizeli za mwezi ujao zinalipwa na nani, akuandikie majibu. Wangu nimemwandikia na amenyamaza, kwa hivyo Jumatatu asubuhi niko kwa mlango wake na nakala ya sheria. Walio Eastlands wanaotaka tuende pamoja waseme.