Nimenyooshewa KISU CHA KEKI ukumbini kwa ajili ya fonti niliyoikataa mwenyewe!

Wakuu, habari za usiku. Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata maji sijanywa, mikono bado inatetemeka. Mods msiuhamishe uzi huu kwenda jukwaa la mapishi. Hili si suala la mapishi, hili ni suala la haki.

Yule mama keki mnamjua, msinilazimishe nitaje. Yule mwenye friji mbili sebuleni, anayejibu "sawa" kwenye meseji ya kurasa tatu, ambaye hata ukimwagiza keki ya arobaini ataijaza lulu za sukari. Huyo huyo. Leo kaninyooshea kisu. Kile cha kukatia keki, chenye utepe mwekundu, mbele ya watu mia mbili na MC.

Mimi natengeneza topa za keki, yale maandishi ya karatasi yanayochomekwa juu ya keki, kwa ile mashine ya kukatia ya Cricut, nyumbani, juu ya meza ya chakula. Alhamisi kaniagiza topa ya mzee anayetimiza miaka 70. Maneno: "Hongera Babu 70". Manila ya glita ya dhahabu, vijiti viwili, basi. Nikamtumia fonti tatu achague. Pacifico, ambayo imeshiba na herufi zinashikana zenyewe. Lobster. Na Cooper Black, fonti ya tangu 1922, nene kama kitumbua, hiyo nikamwambia nitaitilia mstari chini ili herufi zisimame pamoja. Zote mzee anazisoma bila miwani kutoka mlangoni.

Akasema hizo ni za matangazo ya soda, yeye anataka "kitu laini". Akanitumia picha kaitoa Pinterest.

Wakuu, ile fonti! Nyembamba kama unywele wa kichanga, ukiipigia chafya inakatika. Mkia wa H unaanzia Mbezi unaishia Kibaha. Na a yake, hapa ndipo kesi ilipo, a yake iko wazi juu. Wazi kabisa, kama kikombe. Hiyo ni u, hata umpelekee nani.

Nikamwandikia: "Dada, a zote zinasomeka u. Itakuwa Hongeru Bubu. Niruhusu nizifunge." Meseji ninayo, Alhamisi saa 2:14 usiku, tiki mbili za bluu. Akajibu: "Usiguse dizaini. Kata."

Nikakata. Wanaokata glita wanajua: karatasi ngumu, kisu cha mashine kinapita mara mbili, na mstari usiofika milimita moja ukiubandua kwenye mkeka wa kunata unakuja na nyuzi. Nilibandua kwa sindano kuanzia saa nne hadi saa saba usiku. Mkia wa g ulikatika mara mbili nikaanza upya. Karatasi tatu zimeenda. Bei elfu kumi na tano, kanilipa elfu saba.

Leo ndiyo sherehe. Keki ikaingia na muziki, ngazi tatu, lulu kama kawaida. MC, kijana wa watu hana kosa, akainama akasoma alichokiona: "Haya wote kwa pamoja, HONGERU BUBU!"

Ukumbi ukanyamaza. Kisha meza ya wajukuu ikacheka, kisha wote. Mzee akatoa miwani kwenye mfuko wa koti, akaivaa taratibu, akaisogelea keki hadi pua ikakaribia kugusa krimu, akauliza: "Bubu ni nani?"

Hapo sasa. Badala ya kusema "fonti nilichagua mimi", yule mama kachukua kisu chenye utepe, kaninyooshea mimi niliyekaa meza ya mwisho na kijiko cha pilau mdomoni, kasema: "Muulizeni yule wa makaratasi."

Wa makaratasi! Watu mia mbili wakageuka kwa pamoja, nikasikia viti vinalia.

Na mjue kilichoniuma. Mzee yule ni mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Ndiye aliyenishika mkono na penseli akaniambia a ifungwe juu, usipoifunga ni u. Yeye! Leo ameondoka anajua mwanafunzi wake hajui kufunga a.

Sitaki ushauri. Kisu, wakuu. Chenye utepe. "Wa makaratasi."

Kiazi Kitamu: Uzi bila picha ni batili. Tupia Hongeru Bubu tuione.

SufuriaNyeusi: Hongeru Bubu linasikika kama jina la winga wa Kikongo tuliyemsajili dirisha dogo. Na yeye hasomeki uwanjani.

Mtoa mada: @SufuriaNyeusi mimi naumia hapa, wewe unaleta mpira?

MamaTopa wa Tanga: Pole sana mdogo wangu. Mimi nilikata "Khadija" kwa fonti kama hiyo hiyo ya kuchaguliwa. Nukta ya i na nukta ya j zote zilibaki kwenye mkeka, nimezigundua keki ishafika Pangani. Mwenye sherehe kanipigia analia, anasema jina la mwanae limenyofolewa macho.

Kobe Mzee: Ngoja. Ulijua a ni u. Ukamwandikia a ni u. Halafu ukakata u. Ukapanda gari ukaenda kuila pilau ya u. Sasa unalia nini?

Mtoa mada: @Kobe Mzee kasema USIGUSE DIZAINI. Unasoma lakini? Ningeifunga ningeambiwa nimeharibu. Na hata kama nina kosa, kosa la a linajibiwa kwa kisu?

Kobe Mzee: Alikunyooshea, hakukuchoma. Punguza jazba.

Mtoa mada: Chenye UTEPE.

Fundi wa Chini: Dada MamaTopa, kwa nukta tumia ı ya Kituruki, haina nukta kabisa. Ibandike badala ya i ya kawaida, halafu nukta ukitaka unaichora na kuishusha hadi iguse kichwa cha herufi. Na fonti yoyote ya kuunganika, usisahau Weld, kile kitufe cha kuunganisha herufi ziwe kipande kimoja, kabla ya kutuma kwenye mashine. Mara ya kwanza sikubonyeza, mashine ikakata kila herufi peke yake, "Neema" ikatoka vipande vitano. Nilikaa nampanga Neema kama fumbo hadi alfajiri.

MamaTopa wa Tanga: @Fundi wa Chini Mungu akubariki, nilikuwa nachomeka nukta kwa gundi na kibano cha nyusi!

Binti Sajo: Mbona hakuna anayetaja Comic Sans? Inasomeka, herufi zimefunga, watoto wanaipenda.

Kiazi Kitamu: @Binti Sajo toka.

Binti Sajo: Imekukosea nini? Ipo tangu 1994, haijawahi kumwita babu wa mtu bubu.

Mtoa mada: Umeona eeh! Hata hiyo ningeikubali kuliko ile.

Mpambaji Kumbi: Nyie mnalia na topa ya sentimita kumi na tano? Mimi nimetundika bango la mita tatu limeandikwa HONGELA BI HARUSI. Aliyechapisha kasema nilimtamkia kwa simu akaandika alivyosikia. Bibi harusi kapiga picha zote amesimama mbele ya R, isipokuwa R haikuwepo.

SufuriaNyeusi: 😂😂 Huyo ndiye mwenye uzi sasa.

Mama Junior 07: Afadhali nyie maandishi. Keki yangu ya ngazi mbili imepandishwa bodaboda, nimemwambia dereva ashike kwa mikono miwili. Akashika kweli kwa mikono miwili. Pikipiki akaiachia.

Kiazi Kitamu: Mama Junior pumzika kwanza.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye kisu.

Mzee wa Kadi: Mnaongelea keki, keki mnaila lini? Mimi nimechanga laki moja na nusu kadi ya double, tumefika na mke wangu keki inazunguka meza ya kamati tu. Sisi tumeletewa soda ya moto na kipapatio kimoja. Kimoja, watu wawili.

Mpambaji Kumbi: @Mzee wa Kadi kamati za siku hizi hazina aibu. Kuku wote wanaishia nyuma ya ukumbi kwenye mifuko.

Kobe Mzee: Hapo nakuunga mkono. Mwenyekiti wa kamati yetu alisema kuku wamepungua. Kesho yake nampitia kwake asubuhi, mtoto anafungua mlango na paja mkononi.

Mama Junior 07: Na wakikudai mchango wanakuweka kwenye grupu usiku wa manane, jina lako limeandikwa kwa nyekundu "AHADI".

SufuriaNyeusi: Mimi nimetolewa kwenye grupu na ahadi yangu nimelipa.

Mtoa mada: @Mzee wa Kadi hilo la kipapatio na mimi lilinikuta Desemba, Kimara. Mimi kadi ya single, elfu themanini. Nimeletewa shingo. Nikamwita mhudumu, nikamwambia kaka hii ni shingo, akaniambia...

Mzee wa Kadi: Shingo?! Endelea dada, tunakusikiliza.