Vidonge vya soya wanavyouziwa mama zetu: nani anawajibika?

Ndugu zangu, nimekasirika, na ninaandika kwa sababu wanawake waliokoma hedhi wanazidi kuuziwa vidonge vya isoflavoni, yaani viambato vya soya vinavyofanana na homoni ya kike ya estrojeni, hapa Kampala kana kwamba ni peremende, huku wakihakikishiwa kwamba kitu cha asili hakiwezi kumdhuru mtu.

Wifi yangu, ambaye aliwahi kutibiwa saratani ya matiti, ameuziwa kopo zima ili apunguziwe joto la ghafla linalomnyima usingizi, na muuzaji hakumuuliza lolote kuhusu afya yake. Kopo hilo nimelisoma mwenyewe. Limeandikwa kwa herufi kubwa "Soya miligramu 1,000", lakini halisemi ndani ya hizo 1,000 isoflavoni ni kiasi gani, wala halina onyo lolote kwa mtu aliyewahi kuugua saratani au anayetumia dawa za tezi ya thairoidi, ambazo soya inaweza kupunguza ufyonzwaji wake tumboni.

Isoflavoni hushika vipokezi vilevile vinavyopokea homoni ya estrojeni, na kwa kuwa baadhi ya saratani za matiti huchochewa na estrojeni, swali la saratani haliepukiki. Wauzaji hupenda kutaja ripoti ya mwaka 2015 ya Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ambayo kweli haikuona madhara kwa matiti, mfuko wa uzazi wala tezi, lakini hawasemi kwamba ripoti hiyo iliwahusu wanawake wenye afya, wala kwamba ilishindwa kuweka kiwango kimoja cha usalama. Japani iliweka kikomo tangu 2006: miligramu 30 za isoflavoni kwa siku juu ya zile za chakula. Nchini Italia, utafiti uliochapishwa 2004 uliwapa wanawake miligramu 150 kila siku kwa miaka 5, na baadhi yao, ingawa wachache, utando wa mfuko wa uzazi ulinenepa isivyo kawaida; hakuna aliyepata saratani, lakini katika kundi lililomeza vidonge visivyo na dawa tatizo hilo halikuonekana kabisa.

Na faida yenyewe? Zipo tafiti zinazoonyesha joto la ghafla likipungua kidogo. Lakini utafiti wa Miami, Marekani, wa mwaka 2011, ambao uliwapa wanawake miligramu 200 kwa siku kwa miaka 2, haukuona mifupa ikikingwa, na karibu nusu ya waliomeza soya walikuwa bado wakilalamikia joto hilo mwishoni, ilhali kwa wenzao waliomeza vidonge visivyo na dawa ilikuwa chini ya theluthi.

Sisemi watu waogope uji wa soya, chakula tunachowapa hata watoto wetu. Ninachotaka ni wauzaji waandike kiasi cha isoflavoni katika kila kidonge, wamuulize mteja kuhusu saratani na tezi kabla ya kupokea fedha zake, na aliyemuuzia wifi yangu amrudishie shilingi zake zote.