MREJESHO: Kuki ya PHP iliyokuwa haisomeki

Wakuu, niliuliza kwa nini mfumo wangu wa kupokelea korosho hapa Masasi unamlazimisha karani achague ghala mara mbili. Mfumo nimeuandika kwa PHP, lugha ya programu za tovuti. Naandika namba ya ghala kwenye kuki (kipande kidogo cha data kinachokaa kwenye kivinjari) kwa amri ya setcookie, mstari unaofuata wa programu nasoma $_COOKIE, orodha ya kuki zilizokuja na ombi: tupu. Akibonyeza tena, ipo.

Mlioniambia nifuate safari ya kuki yenyewe, Mungu awabariki. setcookie haihifadhi kitu kwenye seva; inaongeza tu heda ya Set-Cookie, yaani mstari wa maelezo unaotangulia ukurasa, kwenye jibu la seva. Kivinjari ndicho kinachoitunza, halafu kinairudisha na ombi linalofuata. Na $_COOKIE hujazwa ombi linapoingia, kwa hiyo nilikuwa nasoma kitu ambacho hakijafika hata kwa karani! Siku tatu nililaumu mtandao.

Sasa nikishaandika kuki namhamishia ukurasa mwingine kwa heda ya Location, na exit, amri ya kusimamisha programu, chini yake. Jana jioni foleni ya magunia ilifika barabarani, karani akachagua ghala mara moja tu mpaka tunafunga.

Kilo za korosho nazo nimezitoa kabisa kwenye kuki, maana mwenye kivinjari anaweza kuzibadili. Hilo ni jasho la mkulima. Imebaki namba ya ghala, nayo seva inaihakiki kila ombi.