Naomba ushauri: Je, gitaa la roki haliwezi kupiga dansi?

Solo wa Ng'ambo:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Tabora. Napiga solo katika bendi ndogo ya dansi, na nakusudia kununua gitaa la umeme lililokwisha tumika: jeusi, lenye pembe mbili kali, pikapu mbili (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili mbilimbili, na daraja, yaani kishikio cha nyuzi, linaloelea lenye mkono wa kutetemesha sauti. Kiongozi wetu, ambaye namheshimu kama baba, amesema gitaa la namna hiyo ni la roki na halitatoa sauti ya dansi hata siku moja. Huu ni usiku wa tatu usingizi unanipaa. Je, ni kweli kwamba kila gitaa lina muziki wake?

Mzee wa Gongoni:
Mwanangu, mji huu ulikuwa na bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na sisi tuliokua tukizisikiliza hatukuwahi kuuliza gitaa lina pembe ngapi. Tulichosikiliza ni kama mpiga solo anampa nafasi mwenzake wa ridhimu. Vijana wa leo mnakimbilia vyombo kabla vidole havijaota sugu. Msikilize kiongozi wako.

Fundi Koili:
Shikamoo mzee, ila hapa nitatofautiana nawe kidogo. Les Paul alikuwa mpigaji wa jazz, lakini gitaa lenye jina lake, ambalo kampuni ya Gibson walilitoa mwaka 1952, limekuja kujulikana zaidi mikononi mwa watu wa roki. Mwaka 1958 kampuni ya Fender walitoa gitaa la Jazzmaster wakiwalenga wapiga jazz, na waliolichangamkia wakawa vijana wa muziki wa surf wa California. Telecaster, gitaa jingine la Fender ambalo wengi hulihesabu kuwa la muziki wa country, ndilo Jimmy Page alilolitumia kurekodi albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Led Zeppelin, na ndilo Ed Bickert wa Canada alilolipigia jazz tulivu kabisa.

Tofauti zipo, sikatai. Pikapu ya koili moja hutoa sauti kali na ya wazi, lakini hunasa mvumo wa umeme. Ya koili mbili huufuta mvumo huo kwa kuwa koili zake zimepangwa kinyume, na sauti yake huwa nene zaidi. Unene huo haulizuii gitaa kupiga dansi. Nakuuliza jambo moja tu, mdogo wangu: huyo mzee alilisikia wapi gitaa hilo, na lilichomekwa kwenye chombo gani?

Mwana wa Ujiji:
Nilipoanza kupiga kwenye kwaya hapa Kigoma nilikuwa na gitaa lenye uwazi ndani, ambalo kila mtu aliliita la jazz. Tukiongeza sauti lilipiga yowe, kwa sababu mwili wake ulitikiswa na sauti ya spika na kuirudisha kwenye pikapu, mpaka nikalijaza vitambaa kupitia matundu yake. Lilinitumikia vizuri sana, na hadi leo najuta kuliuza.

Solo wa Ng'ambo:
Alilisikia mazoezini.

Fundi Koili:
Mazoezini, ilhali bado hujalinunua?

Solo wa Ng'ambo:
Ni kweli, sikusema yote. Gitaa liko kwangu tangu wiki iliyopita. Nimeshalipa shilingi 200,000, ambayo ni nusu, na iliyobaki natakiwa kuilipa mwisho wa mwezi. Amplifaya ya bendi imeungua, kwa hiyo nililichomeka moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), katika tundu la kinanda. Hata hivyo sidhani kwamba nilikosea, kwa sababu shingo yake ni nyembamba, mkono unateleza, na kwa bei ile hapa Tabora sipati lingine.

Mpita Njia wa Cheyo:
Mniwie radhi, lakini mjadala huu unanitia shaka. Kwanza mtu anakusudia kununua, kisha ameshalipa, na kila akibanwa anarudi kwenye uzuri wa bei. Nahisi huyu ndiye muuzaji, na kesho tutawekewa namba ya simu.

Mwana wa Ujiji:
Hata mimi nimeanza kuingiwa na wasiwasi.

Solo wa Ng'ambo:
Mimi si muuzaji, na tuhuma hiyo imeniumiza. Gitaa liko mapajani mwangu ninapoandika. Kitufe cha sauti kimepasuka na kimezungushiwa uzi wa cherehani. Freti ya tano, yaani kile kijichuma cha shingoni, imelika chini ya nyuzi mbili nyembamba. Jana uzi mmoja ulikatika katikati ya wimbo, na zile tano zilizobaki zote zikapanda sauti, nikaacha kupiga huku wenzangu wakiendelea. Ni muuzaji gani angeyaandika haya?

Fundi Koili:
Mimi namwamini. Daraja linaloelea husimama kwa mvutano wa nyuzi upande mmoja na springi upande wa pili. Uzi ukikatika, springi hulivuta na nyuzi zilizobaki hukaza. Huo ndio udhaifu wa gitaa hilo kwenye bendi inayopiga usiku kucha. Chonga kipande cha mninga, ukibane kati ya chuma cha daraja na ubao, upande wa springi, ili daraja lisisogee.

Kuhusu sauti, pikapu isiyotumia betri inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaohmu moja. Tundu la kinanda lina ukinzani mdogo mno kwa pikapu hiyo, na sauti kali za juu zinafia hapo. Kiongozi wako alilihukumu gitaa kwa kosa la mikisa. Azima amplifaya, kisha mpigie tena.

Solo wa Ng'ambo:
Narudi na mrejesho. Kipande cha kwanza kilikuwa kinene na daraja likainama, nikakipiga msasa mpaka likakaa sawa. Jumamosi niliazima amplifaya ya kwaya, nikatumia pikapu ya karibu na daraja na kupunguza sauti ya gitaa kidogo ili isikorome. Mzee alisikiliza ubeti mzima akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniambia niirudie ile sehemu ya kuchezea, mara hii polepole. Kuhusu roki hakutamka neno. Nusu iliyobaki nitailipa, ila muuzaji amekubali kuondoa gharama ya kitufe kipya.